Amana ya Fundi katika Kazi Isiyoonekana

Katika masuala ya muamala yaliyo mazito kwa watu wa zama hizi ni hili: Mtu hupeleka chombo chake kwa fundi ili kitengenezwe mahali pasipoonekana kwa macho, fundi hufanya afanyavyo, kisha hufunika, na mwenye chombo hutoa ujira akaenda zake. Je, ni kitu gani hasa anachodaiwa fundi huyo? Anadaiwa chombo kifanye kazi tu, au anadaiwa na jambo jingine zaidi ya hilo? Wengi hudhani ya kuwa jawabu ni jepesi, wakasema: Maadamu chombo kimetengenea, hapana neno. Walakini mwenye kulitazama suala hili kwa makini ataona ya kuwa jawabu hilo lina kasoro, na ya kuwa kasoro hiyo ndiyo mlango unaopitwa na hiyana nyingi.

Na mfano ulio karibu wa kulieleza jambo hili ni kuvuja kwa oili chini ya motokaa. Gwata ni kata ya wilaya ya Kibaha, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere. Mwenye kuacha njia kuu ya lami iendayo Morogoro akaingia huko hushika njia za udongo, ambazo masika huwa matope na kiangazi huwa vumbi na mashimo. Visiki na mawe hukwaruza tumbo la gari, na mtikiso hulegeza kila kilichokazwa. Vipuri vyapatikana mbali, Mlandizi au Kariakoo ya Dar es Salaam. Basi fundi wa mahali kama hapo, aliyetandika gunia chini ya mti, hushika mikononi mwake mali ya watu na safari zao, wala hapana amsimamiaye.

Chini kabisa ya injini pana bakuli la bati au la aluminiamu, nalo mafundi huliita sampu. Ndani yake hukaa oili, kadiri ya lita 4 katika motokaa ndogo ya silinda 4. Pampu huivuta oili hiyo na kuipeleka kwenye beringi na pistoni, kisha hurejea chini, ikavutwa tena. Baina ya ukingo wa sampu na tumbo la injini huwekwa gasketi, ya mpira, au ya koki, au ya karatasi ngumu, au ya gundi ya silikoni iliyokauka. Na kazi yake ni kuziba nafasi ndogo ambayo chuma kwa chuma haviwezi kuiziba. Gasketi ikipikwa na joto la miaka hukauka na kupasuka, na oili huanza kutona tone baada ya tone.

Tone moja si kitu, na ndiyo sababu watu hulidharau. Lakini tone likiendelea, oili hupungua mpaka pampu ikavuta hewa. Beringi zikakosa utando wa oili, chuma kikasuguana na chuma, na injini ikashika ikafa. Tena oili ikidondokea bomba la ekzosi lenye moto hutoa moshi, na huweza kuwaka. Wazee wamesema asiyeziba ufa hujenga ukuta; na katika jambo hili ufa ni kipande cha mpira, na ukuta ni injini nzima.

Basi na itazamwe kazi yenyewe, kwani hapana awezaye kuhukumu amana ya kazi asiyoijua.

Jambo la kwanza ni kujua oili yatoka wapi. Oili hushuka, itokayo juu, katika gasketi ya kifuniko cha vali, au kwenye filta, au katika oili sili ya nyuma ya injini, hutiririka mpaka kwenye sampu na kutona hapo. Fundi mwenye haraka huiona sampu imelowa akaihukumu. Fundi mwenye insafu huosha kwanza, akakausha, akawasha injini, kisha akatazama kwa taa ni wapi litokeapo tone la kwanza. Tena hulitazama tundu la kupumulia la injini, kwani likiziba, pumzi ya ndani huisukuma oili itoke popote penye udhaifu, na gasketi mpya nayo haitakawia kuvuja. Mwenye kubadilisha gasketi isiyo na kosa amekula ujira wa kazi isiyohitajiwa, na maradhi ameyaacha palepale.

Kisha gari huwekwa mahali palipo sawa, huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi vya chuma. Wala haifai mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; jeki huteleza, na roho haina spea. Injini hungojewa ipoe, oili ikamwagwa katika chombo, bolti zikafunguliwa, nazo aghalabu hupita 10. Na katika motokaa nyingine hulazimu kuondoa kwanza bomba la ekzosi au mhimili uliopita chini. Sampu iliyoshikamana hubanduliwa taratibu, kwani mwenye kuchomeka bisibisi na kulisukuma kwa nguvu huukunja ukingo, na ukingo uliokunjika hauzibiki kwa gasketi yoyote.

Ndipo ifikapo kazi ambayo hapana atakayeiona. Mabaki ya gasketi kuukuu hukwanguliwa katika ukingo wa sampu na katika tumbo la injini, fundi amelala chali na uchafu unamwangukia usoni. Hufutwa kwa petroli mpaka chuma kisiwe na utando wowote wa oili, kwa maana gundi haishiki juu ya oili. Ukingo hupimwa kwa rula, na palipobonyea kwenye matundu ya bolti hugongwa polepole mpaka pakawa sawa. Kisha gasketi mpya hukalishwa, na bolti hukazwa kwanza kwa vidole, ndipo zikakazwa kwa spana kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ndogo. Katika motokaa nyingi ndogo nguvu hiyo ni kadiri ya uzito wa kilo 5 uliotundikwa mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20. Na kipimo cha hakika ni kile cha kitabu cha waliolitengeneza gari. Mwenye kukaza kwa nguvu zote za mkono wake akidhani amefanya ihsani huiminya gasketi ikapasuka ingali mpya. Na ikiwa iliyotumiwa ni gundi, haina budi kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa juu yake, ambao huweza kufika saa 24. Mwisho hutiwa oili, injini ikawashwa, na fundi akarudi tena chini kutazama.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa na itazamwe njia ya mkato. Fundi hufuta uchafu wa nje kwa tambara, hukaza bolti zaidi, hupaka gundi juu ya mshono bila kufungua hata bolti 1, kisha huosha tumbo la gari kwa petroli likang'aa. Mwenye gari huinama, haoni tone, hufurahi, hulipa. Gundi iliyopakwa juu ya oili hukaa siku chache, pengine wiki chache, kisha hubanduka.

Watu wengi wakiulizwa kosa la fundi huyu liko wapi, watasema liko katika gundi. Na hili si sawa. Gundi yenyewe haina lawama. Zipo motokaa nyingi zitokazo Japani ambazo tangu kiwandani sampu zake hufungwa kwa gundi tupu, bila ya gasketi iliyokatwa. Wengine watasema kosa ni kuwa uvujaji utarudi. Na hili pia halitoshi. Kwani huenda fundi aliyefanya kila jambo kwa ukamilifu akashindwa, kwa sababu chuma kina ufa usioonekana, wala hatahesabiwa kuwa amefanya hiyana. Basi ikiwa kosa si gundi wala si kurudi kwa uvujaji, kosa ni nini?

Jawabu limo katika kisa kinachojulikana na kila aliyehudhuria darsa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaona lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake akakuta unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu ya kuwa nafaka imenyeshewa na mvua. Basi hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Mvua haikuwa kosa la mwenye nafaka, wala nafaka iliyolowa si haramu kuuzwa kwa ajuaye kuwa imelowa. Kilichoharibu muamala ni kuwekwa kikavu juu na kibichi chini, jicho likaambiwa jambo ambalo mkono ungelikanusha.

Kwa kipimo hicho, kazi duni iliyotajwa si hiyana; na kazi iliyofichwa ni hiyana hata ikidumu. Fundi akimwambia mwenye gari: Sikufungua sampu, nimepaka kwa nje tu, huenda ikakufikisha Dar es Salaam, lakini tazama oili kila asubuhi, huyo ametimiza amana yake, ijapokuwa kazi ni hafifu. Na fundi aliyepaka kwa nje akachukua ujira wa gasketi mpya amefanya hiyana siku ileile, ijapokuwa kwa bahati oili isitone mwaka mzima. Bahati njema yaweza kumwokoa mwenye gari na hasara. Haiwezi kumwokoa fundi na alichokitenda. Kwa hiyo jawabu lile jepesi, la kuwa maadamu kimetengenea hapana neno, lina kasoro kwa kuwa lahukumu amana kwa matokeo, na hali matokeo si milki ya fundi. Milki yake ni mikono yake na ulimi wake.

Akisema msemaji: Watu wa vijijini ni maskini, mwenye gari hana fedha ya gasketi wala ya siku nzima ya fundi, akiambiwa ukweli atakwenda kwa mwingine, na fundi mkweli atalala na njaa. Huambiwa: Umaskini wahalalisha kazi ya bei ndogo, wala hauhalalishi uwongo, kwani kazi ya bei ndogo yaweza kufanywa na kutajwa jina lake. Maskini ndiye mwenye haja zaidi ya kuambiwa kweli, kwa kuwa tajiri injini ikifa hununua nyingine, na maskini injini ikifa, imekufa riziki ya nyumba yake. Wala mwenye gari naye hakosi sehemu yake. Yeye apunguzaye ujira mpaka haumtoshi fundi kununua gasketi, kisha akadai gasketi, amemwekea mwenziwe mtego. Na yule aicheleweshaye haki ya fundi baada ya kazi kwisha ana lawama yake, ambayo haipungui kwa kulalamika juu ya uaminifu wa mafundi.

Na liko jambo gumu kuliko hili. Huja mtu kwa fundi akamwambia wazi: Motokaa hii naiuza kesho kutwa, izuie isitone mpaka mnunuzi aondoke. Hapa fundi hakumficha mwenye gari kitu. Wote wawili wajua. Je, amesalimika? Hakusalimika. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza ya kuwa kutaja aibu ya kinachouzwa si wajibu wa muuzaji peke yake. Hata mtu mwingine aijuaye aibu hiyo yampasa amwambie mnunuzi. Ikiwa mpita njia ajuaye hana ruhusa ya kunyamaza, itakuwaje kwa yule ambaye mkono wake ndio ulioifunika? Mnunuzi akiivumbua aibu ya zamani ana khiari ya kuirudisha mali kwa muuzaji, hilo lajulikana. Lakini fundi hana cha kurudisha ila ujira wa kuosha tone, na jina lake. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na motokaa iliyooshwa tumbo kwa petroli usiku wa kuamkia mauzo ni kibaya kilichovishwa nguo ya chema.

Tena iko daraja ya tatu, ambayo ndani yake hata kusema kweli hakutoshi. Gari likiwa ni la kupakia abiria, na oili yadondokea ekzosi, fundi akamweleza mwenye gari nusu ya kazi aliyoifanya, na mwenye gari akaridhia, basi wameridhiana juu ya kitu ambacho si chao. Mwenye gari aweza kuihatarisha injini yake, kwani ni mali yake. Hawezi kutoa idhini kwa roho za watu kumi na wanne waliokaa nyuma yake wala hawajui. Hapo hapana ruhusa ila mambo mawili: kazi kamili, au gari lisiondoke na watu.

Kadhalika ile oili chafu iliyomwagwa. Lita 4 zimwagwazo mchangani kando ya gunia la fundi hazipotei. Hunywewa na ardhi na mvua ikazichukua. Nchi hii ya Kibaha ndiyo nchi ya mto Ruvu, na mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi huchota humo maji ya kunywa ya wakazi wa Dar es Salaam. Mnywaji wa Ilala hamjui fundi wa Gwata, wala fundi hamjui mnywaji. Lakini haki ya jirani haikatwi kwa kutojuana. Oili na ikusanywe katika dumu na ipelekwe kwa waichukuao. Nayo ni sehemu ya kazi isiyoonekana kama ilivyo kukwangua ukingo.

Yabaki suala la dhamana: Injini ikifa, ni nani alipe? Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani, rai iliyo dhahiri ni kuwa mali iliyo mikononi mwa fundi ni amana, wala halipi ila akifanya taadi, yaani akivuka mpaka au akizembea. Na wafuasi wa Imamu Malik huwadhaminisha mafundi zaidi ya hivyo, kwa ajili ya kuzihifadhi mali za watu. Rai ya kwanza ni ya huruma kwa fundi mkweli. Lakini yule aliyepaka kwa nje akadai amebadilisha amekwisha kuivua nguo ya amana kwa mkono wake, kwani taadi gani iliyo wazi kuliko kuacha kazi aliyoajiriwa na kuchukua ujira wake?

Na katika jambo hili ipo habari ipasayo kukumbukwa na kila mwenye kushika spana. Imepokewa kwa Rabii bin Suleiman, mwanafunzi wa Imamu Shafi aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, sawa na 820 wa Miladi, ya kuwa Imamu alikuwa akiitakidi ya kuwa fundi hana dhamana, walakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwahofu mafundi waovu. Na msomaji azingatie uzito wa habari hii. Mtu wa elimu kama hiyo aliona haki ya mafundi, akaona ni haki kweli, kisha akainyamazia. Si kwa sababu dalili ilikuwa dhaifu, bali kwa sababu wako watu ambao wangeigeuza kuwa pazia. Basi waliodhulumiwa na mafundi waovu si wenye mali peke yao. Na mafundi wema walikoseshwa ruhusa iliyokuwa yao. Na hali ni hiyo hata leo. Kwa nini mwenye gari husimama juu ya kichwa cha fundi kutwa, amekodoa macho, hamwachi hata aswali kwa utulivu? Kwa nini huenda mwenyewe Kariakoo kununua gasketi badala ya kumpa fundi fedha? Kwa kuwa fundi wa kabla ya huyu alimhadaa. Kila anayepaka gundi juu ya uchafu humfungia mwenziwe mlango wa kuaminiwa, na kuaminiwa ndio rasilimali ya kwanza ya fundi, kabla ya jeki na spana.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani palikuwa na muhtasibu aliyezunguka sokoni akikagua mizani na kazi za mafundi. Leo ziko idara za serikali zinazotazama viwango, na viko vyuo vya VETA, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, vinavyofundisha ufundi. Yote hayo ni mema. Walakini hakuna muhtasibu awezaye kulala chini ya kila motokaa, wala askari awezaye kuona kama ukingo ulikwanguliwa kabla ya kufunikwa. Mahali pale pana watu wawili tu: fundi na nafsi yake, na Mola wao awaona.

Kwa hiyo jawabu la suala lililotangulia ni kuwa fundi anadaiwa mambo mawili: afanye alichoajiriwa kwa kadiri ya elimu yake, na aseme alichokifanya kama kilivyo. La kwanza huenda akalishindwa bila ya dhambi. La pili hana udhuru wa kulishindwa, kwani kusema kweli hakuhitaji kipuri kutoka Dar es Salaam. Na njia zake ni nyepesi. Kabla ya kazi, amwonyeshe mwenye gari tone latoka wapi. Baada ya kazi, ampe gasketi kuukuu mkononi aione. Na ikiwa kuna jambo hakulifanya, kwa uchache wa fedha au wa saa, alitaje kabla ya kupokea ujira. Mafundi wengi katika nchi hii hufanya hivyo bila ya kuambiwa na mtu, nao ndio ambao jua likiwa limekuchwa na gari limekwama njiani, watu huulizana nyumba zao.

Wallahu aalam.